Leta Viti, Watakaokaa Watakaa

Mzee Kiplangat wa Keringet hahesabu watu. Ng'ombe wake anawajua kwa majina, kondoo anawajua kwa sura, na viazi anavihesabu kwa magunia kama mkulima mwingine yeyote. Lakini binadamu hamhesabu, na akisikia mtu mwingine akihesabu binadamu, husimama akatoka nje kutazama hali ya hewa. Ndivyo alivyolelewa. Wazee waliomlea hawakumweleza sababu, naye hakuwauliza. Ukitaka kujua ana watoto wangapi, atakujibu kwamba Mungu hakumnyima. Ukimbana zaidi, atakuuliza kama umekunywa chai.

Mwaka wa sensa, karani alikaa kwake tangu chai ya saa nne mpaka kondoo wakarudi zizini. Kijana wa watu aliuliza ni wangapi waliolala katika boma hilo usiku uliopita. Mzee akasema waliolala waliamka, Mungu ashukuriwe. Karani akauliza kwa njia nyingine, mzee naye akajibu kwa njia nyingine. Aliyemwokoa ni Jebet, mke wa mzee, aliyeita boma zima sebuleni, akammiminia kila mtu chai, kisha akamwambia karani kwa upole, "Hesabu vikombe." Karani akahesabu vikombe, akaandika, akashukuru, akaenda zake. Mzee hakuona kosa lolote. Vikombe ni vikombe.

Jebet sasa hayupo. Alifariki wakati viazi vya shamba la chini vinatoa maua, na watu waliokuja kumzika walikuwa wengi. Wangapi, usiniulize, nami nimeambukizwa. Walijaa uani, wakafurika, wakasimama ndani ya viazi. Walipokwenda zao, shamba la chini lilikuwa limelala lote. Majirani walimwonea mzee huruma, wakamwuliza atapanda nini sasa, naye akasema anapumzisha udongo. Kila mkulima wa huko Kuresoi anajua kwamba udongo ulioingiwa na mnyauko, ule ugonjwa wa viazi, hupumzishwa, kwa hiyo msimu wa kwanza hakuna aliyeshangaa. Msimu wa pili walishangaa kidogo. Msimu wa tatu, bei ya viazi ilipopanda na mzee bado anamiliki shamba zima la nyasi, wakaanza kunong'ona kwamba majonzi yamemwingia kichwani.

Mambo yalikuwa hivi, na mzee hakuwa amemwambia mtu. Kabla hajaugua, Jebet alisimama naye ukingoni mwa shamba hilo akasema, "Chepchumba ataolewa hapa. Pamenyooka vizuri. Na mimi nitakaa pale." Akanyoosha mkono kwenye kivuli cha miti ya saipresi, pembeni. Hata mwaka haukuisha, akazikwa palepale kivulini, kwa sababu ndipo wazee walipochagua. Kuhusu sehemu hiyo ya pili mzee hakuwa na la kufanya. Lakini sehemu ya kwanza aliiona iko ndani ya uwezo wake. Alipanda nyasi kwa mkono, akawaleta kondoo wazile zisirefuke, akaviringisha pipa la maji juu yake ili ardhi ilale sawa, na akaingia vitani na fuko.

Fuko ni mnyama asiye na adabu. Unalala uwanja ukiwa sawa, unaamka unakuta vilima vya udongo kila mahali. Mzee aliwatega kwa fito iliyopindwa na uzi, kama alivyofundishwa utotoni, na kila asubuhi kabla ya maombi alizunguka na jembe akisawazisha walichoharibu. Sababu ya kazi hiyo hakuitaja. Yeye ni mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hawezi kusimama akasema kwamba marehemu anangoja kuhudhuria harusi, maana mchungaji ataitisha maombi maalumu. Basi akanyamaza. Alikuwa akingoja Chepchumba, kitinda mimba wake na binti yake wa pekee, aseme kwamba harusi itakuwa nyumbani, ndipo naye apate kujibu, kama jambo la kawaida tu, kwamba sawa, kule chini pako tayari.

Chepchumba hakusema hivyo. Siku ya koito, wazee wa pande zote mbili walipokutana kwa mambo ya posa na habari ya ng'ombe ikaisha salama, suala la uwanja lilizuka. Kwa desturi sherehe ingekwenda kwa kina bwana harusi. Bwana harusi mwenyewe ni Kemboi, lakini baba yake alikiri kwamba boma lake liko kwenye mteremko ambao kiti cha plastiki hakisimami bila kushikwa. Msichana achague, akasema. Chepchumba anafanya kazi katika kampuni ya bima mjini Nakuru, na ni mwepesi wa kukata shauri kama marehemu mama yake. Akasema bila kuinua macho, "Popote, lakini si nyumbani."

Wazee wakatazama chai. Mzee Kiplangat akasema sawa, akatoka nje kutazama hali ya hewa. Ilimuuma sana. Alidhani binti yake anaona haya: mabati yenye kutu, choo cha nje, na yeye mwenyewe na kofia yake.

Uwanja ulipatikana kwenye simu. Ilikuwa bustani kando ya Ziwa Naivasha, si mbali na shamba la maua anakofanya kazi Kemboi. Kulikuwa na picha za nyasi zilizokatwa vizuri, mawaridi pande mbili, na kibanda cheupe chenye paa la duara ambamo maharusi hula kiapo ziwa likiwa nyuma yao. Chepchumba alizionyesha picha hizo kwa kila mtu. Mzee alizitazama kwa muda mrefu, hasa nyasi, akauliza kama huko hakuna fuko.

Jumamosi moja wakaenda kuuona. Kwa kuwa mtu haendi kuomba uwanja wa watu peke yake, alikuja pia Milcah, dada wa mzee, ambaye Chepchumba humwita Senge kama shangazi anavyoitwa kwao. Na kwa kuwa mtu haendi mikono mitupu, Milcah alibeba kibuyu cha mursik, maziwa lala yaliyoiva vizuri na mkaa wake. Alikipakata njia nzima katika Vitz ya Chepchumba kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mzee aliketi mbele. Paa la Vitz halikuwa limetengenezwa kwa ajili ya kofia yake, kwa hiyo kofia ilisafiri mapajani.

Getini palikuwa na bango kubwa la bibi na bwana harusi wakicheka. Jua lilikuwa limempausha bwana harusi mpaka akabaki suti.

"Huyu aliolewa na nani?" Milcah akauliza.

Mlinzi akainama dirishani. "Habari mzee, habari mathe. Mko wangapi?"

"Si unatuona," mzee akasema.

"Nawaona, lakini lazima niandike."

"Andika umetuona."

Chepchumba akafungua mdomo, lakini mzee tayari alikuwa ameshika mlango ili atoke atazame mawingu. Mlinzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaandika neno familia, yakaisha. Kisha akakiona kibuyu. Chakula na kinywaji kutoka nje haviruhusiwi, akasema, hiyo ni sheria ya kampuni.

"Hii si kinywaji," Milcah akasema.

"Ni nini?"

"Ni heshima."

Mlinzi alifikiri. Katika vitu alivyoagizwa kuzuia, heshima haikutajwa. Hata hivyo akasema itabidi heshima ibaki getini mpaka wageni watakaporudi, naye ataichunga mwenyewe.

Mwenye bustani alikuja kuwapokea. Alikuwa Mhindi wa makamo ya Mzee Kiplangat, jina lake Jayantilal, amevaa koti zuri la suti juu na gambuti chini. "Karibu, karibu sana," akasema. "Leo hali ya hewa iko mzuri." Kwa kuanzia hapo, mzee akampenda kidogo, ingawa hakupenda gambuti. Mwenye uwanja mkavu havai gambuti Januari.

Waliteremka kwa njia nzuri ya mawe bapa, iliyopangwa kwa ustadi. Ilipita mawaridi, ikapinda kushoto, kisha ikaingia majini na kuendelea na safari zake. Mbele yao palikuwa na ziwa. Halikuwa kule mbali kama kwenye picha. Lilikuwa hapa, miguuni, limetulia kama lililolipa kodi. Kibao kilichoandikwa *Tafadhali usikanyage nyasi* kilichomoza katikati ya maji. Milcah, ambaye hutii vibao, akasimama.

"Nyasi ziko wapi?" akauliza.

"Iko chini," Jayantilal akajibu.

Kisha akaanza kuwatembeza, kwa mkono tu, kwa sababu miguu haikuwa na pa kwenda. "Hapa, hema ya wageni. Pale, watu ya muziki. Pale, keki, ili upepo isipige." Alionyesha maji, akaonyesha maji, akaonyesha maji. Hakucheka wala hakuomba radhi. Alikuwa akiiona bustani yake vizuri kabisa, na mzee, aliyefuata kidole hicho kutoka mahali hadi mahali, akaanza kuiona naye.

"Na kile kibanda cheupe?" Chepchumba akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Jayantilal akaonyesha mbali zaidi. Paa la duara lilielea peke yake juu ya ziwa. Ndege mweusi wa shingo ndefu alikuwa amesimama juu yake amekunjua mabawa yakauke, kama askofu anayebariki watu ambao hawajafika.

"Hizo picha zilipigwa lini?"

"Kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya maji," Jayantilal akasema. "Lakini itarudi. Hii ziwa iko na mambo yake. Baba yangu aliniambia zamani ilikuja, ikakaa, ikarudi. Kila mtu alisema haiwezi kurudi."

"Itakuwa imerudi kufikia Desemba?"

Jayantilal alilitazama ziwa kwa muda, kama mtu anayemjua jirani yake vizuri lakini hataki kumsemea. "Kama si Desemba, tuko na parking," akasema. "Parking iko kavu kabisa."

Wakaenda kuona sehemu ya kuegesha magari. Ilikuwa kavu kweli. Ilikuwa ya saruji, imezungukwa na ukuta, na upande mmoja kulikuwa na mafungu makubwa ya samadi. Milcah, aliyefuga tangu ujana wake, aliinama akaichunguza.

"Huyu ng'ombe wenu anakula nini?"

"Hiyo si ng'ombe," Jayantilal akasema. "Ni kiboko. Moja tu. Iko na tabia nzuri, inakuja jioni, na harusi yetu inaisha mapema."

Sasa, Mzee Kiplangat alikuwa amejiandaa kufurahi. Tangu koito alikuwa na dua moja ambayo hakuthubutu kuitaja mbele ya wenzake kanisani: kwamba bustani hiyo iwe na kasoro. Alikuwa akitarajia kasoro ya kiasi, labda vichaka, labda kelele za barabarani. Mungu alikuwa amemjibu kwa ziwa zima. Lakini alipogeuka kumtazama binti yake, akaona kidevu chake kinatetemeka vilevile kama siku mwanakondoo wake alipokufa, alipokuwa bado darasa la pili, na furaha yote ikamtoka. Alitamani maji yarudi saa hiyohiyo. Angeyasukuma kwa jembe kama ingewezekana.

Jayantilal akawakaribisha barazani kwa chai. Ilikuwa chai ya tangawizi, nzuri, yenye maziwa ya kutosha, na ilimpa kila mtu kitu cha kutazama. Mwenyeji akatoa kalamu. Biashara ni biashara, hata ikilowa.

"Wageni ngapi?" akauliza. "Mimi nafanya bei kwa kichwa."

"Leta viti," mzee akasema. "Watakaokaa watakaa."

"Lakini mzee, napika chakula kwa kichwa."

"Kwetu tunapika kwa sufuria."

"Baba," Chepchumba akasema, "tafadhali."

Jayantilal alikuwa ameshughulika na watu wa kila namna maishani mwake, akajua pa kuacha. "Sawa. Tuanze na meza kubwa. Hiyo ni rahisi. Wazazi ya bwana harusi, mbili. Wazazi ya bibi harusi, mbili?"

"Mmoja," Chepchumba akasema.

Alilisema kwa sauti ya ofisini, kama anayesahihisha jina la mteja. Hakuna mtu aliyewahi kulisema neno hilo katika familia yao. Watu walisema Jebet ametangulia, Jebet amepumzika, Jebet yuko kwa Baba, lakini hakuna aliyekuwa amepiga hesabu. Mzee Kiplangat alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Hapo akaielewa ile sababu ambayo wazee wake hawakumweleza. Ukianza kuhesabu watu wako, lazima utafika mahali pa yule aliyekosekana, na hesabu haijui kunyamaza. Miguu ilitaka kwenda nje kutazama mawingu. Lakini tayari walikuwa nje, barazani, na mawingu hayakuwepo.

Jayantilal akaiweka kalamu mezani. "Pole," akasema. Kisha, baada ya kunywa chai kidogo, akaendelea kwa sauti ileile aliyoonyeshea mahali pa keki. "Hii nyasi yote mimi nilipanda kwa msichana yangu. Mansi. Miaka mingi, kila jioni, mimi mwenyewe na mpira ya maji."

"Aliolewa hapa?" Milcah akauliza.

"Aliolewa Uingereza, kwa hoteli. Mimi na mama yake tulienda na ndege. Chakula ilikuwa mzuri."

"Hakutaka hapa?"

"Sijui," Jayantilal akasema. "Mimi sikusema nyasi ni yake. Niliona haya. Nilisema ni biashara, na yeye aliamini ni biashara." Akamgeukia Mzee Kiplangat, ambaye tangu chai ianze alikuwa hajaondoa macho kwenye kile kibao kilichokuwa majini. "Wewe mzee, nyumbani iko nyasi?"

Mzee wa kanisa hawezi kudanganya akiulizwa waziwazi. "Iko," akasema.

Milcah akapaliwa na chai.

"Kubwa?"

"Ya kutosha."

"Kavu?"

"Kavu."

"Basi hapa unatafuta nini?"

"Sijaulizwa," mzee akasema.

Chepchumba alikuwa ameweka kikombe chini. "Baba, nyasi gani?"

"Ile ya chini."

"Si ulisema unapumzisha udongo?"

"Umepumzika."

"Misimu yote hiyo?"

"Ulikuwa umechoka."

Kofia ilikuwa mikononi mwa mzee, ikizunguka polepole kwa ukingo wake. Chepchumba akaitazama, kisha akatazama ziwa, kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja. Alisema hakukataa nyumbani kwa sababu ya nyumbani. Alisema anapapenda nyumbani. "Lakini Baba, mara ya mwisho kuona zile hema nyeupe za Kabiru kule chini ni ile siku ya Mama. Nikifunga macho naona tu watu wamesimama kwa viazi. Sasa mimi nitavaaje nguo nyeupe nipite hapo hapo, chini ya hema zile zile? Siwezi. Nilijaribu kufikiria, nikashindwa."

Kumbe ndilo hilo. Hayakuwa mabati, haikuwa choo, haikuwa kofia. Mzee alijisikia mwepesi na mzito kwa wakati mmoja.

"Pale waliposimama ndipo nilipopanda nyasi," akasema. "Sikutaka uvione viazi tena."

Chepchumba akamtazama.

"Na uwanja ule sikuuchagua mimi. Aliuchagua mama yako, kabla hajaugua. Alisema utaolewa pale, naye atakaa kivulini. Sasa yuko kivulini." Kofia ikasimama. "Mimi nimekuja mpaka Naivasha. Mahali popote utakaposema, nitakuja. Lakini yeye, Chepchumba, siwezi kumleta."

Hapo Chepchumba akalia, si kwa kificho, bali kama mtu aliyekuwa na deni la machozi tangu siku ya mazishi, aliposhughulika kugawa maji ya kunywa na hakupata nafasi. Milcah alijifuta kwa ncha ya leso yake akilaumu moshi. Hapakuwa na moshi. Jayantilal aligeuza kiti chake kuelekea ziwani, kwa adabu, akakaa hivyo mpaka kilio kilipotulia.

"Mimi siwezi kuuzia nyinyi hii maji," akasema mwishowe. "Lakini hiyo harusi, niite."

"Njoo," Mzee Kiplangat akamwambia. "Njoo na mama Mansi. Njoo na unaowataka. Kwetu hatuhesabu."

Wakapeana mikono. Kule getini Milcah alidai kibuyu chake, na kibuyu kikarudi kikiwa chepesi kuliko kilivyokwenda. Mlinzi alikuwa na mstari wa maziwa ya kijivu juu ya mdomo.

"Heshima ilikuwa tamu?" Milcah akamwuliza.

"Sana, mathe," mlinzi akasema. "Ilikuwa imeanza kumwagika."

Walipita Gilgil, wakapita mizani, na mpango ulikuwa kwamba Chepchumba angewashusha Nakuru watafute gari la kwenda Molo, njia ya nyumbani, yeye arudi kwenye nyumba yake ya kupanga. Wakafika Nakuru. Mzee akavaa kofia tayari kushuka, ikagonga paa. Chepchumba hakusimama. Mzee aliona mji ukipita dirishani, maduka yake na yote, akaivua kofia tena na hakuuliza.

Walifika Keringet jua likiwa bado kwenye vilele vya saipresi. Chepchumba hakuingia hata nyumbani. Alivua viatu vyake vya mjini, akavishika mkononi, akateremka kule chini. Baba yake na shangazi yake walimfuata kwa mbali, kama watu walio na shughuli nyingine upande huo. Uwanja ulikuwa umelala sawa, kijani, kondoo wakitafuna pembeni. Chepchumba alitembea juu yake kutoka mwisho hadi mwisho, polepole, akipita pale ambapo wajomba walisimama, pale ambapo kwaya ilisimama. Katikati akakuta kilima kipya cha udongo.

"Baba, kuna fuko!" akaita.

"Najua," mzee akajibu. "Huyo amenishinda."

Akakisawazisha kwa mguu mtupu, akaendelea mpaka kwenye kivuli. Alikaa huko kitambo. Mzee Kiplangat alikagua mtego ambao hakuwa na haja ya kuukagua, na Milcah akawahimiza kondoo ambao hawakuwa wanaenda popote.

Aliporudi alikuwa na simu mkononi. Alimpigia Kabiru, mwenye hema na viti vya Keringet yote, ambaye amewakalisha watu wa eneo hilo katika furaha na katika misiba. Aliiweka simu kwa sauti kubwa, maana mikono yake ilikuwa na udongo.

"Kabiru, ni Chepchumba wa Mzee Kiplangat. Harusi itakuwa nyumbani."

"Ai! Hongera, dada! Nilikuwa nashangaa. Nilete hema ngapi? Zile nyeupe?"

"Nyeupe usilete hata moja. Leta zile za buluu."

"Sawa. Na watu ni wangapi?"

Mzee Kiplangat akageuka kuelekea mawingu. Lakini hakupata kwenda mbali.

"Leta viti, Kabiru," binti yake akasema. "Watakaokaa watakaa."

Kabiru akacheka. "Hata wewe umekuwa mzee wako? Haya. Lakini meza kubwa lazima nipange. Wazazi wa Kemboi nawajua. Upande wenu, niweke kimoja?"

Chepchumba alitazama kule alikotoka.

"Weka kama unavyowekea watu wote," akasema. "Cha Mama nitakibeba mwenyewe, nikakiweke pale kivulini."

Kabiru alikuwepo siku ile, yeye ndiye aliyeleta hema. "Sawa, dada," akasema.

Mzee Kiplangat alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Akatazama kivuli, akatazama nyasi.

"Pale pana unyevu," akasema. "Mwambie alete cha miguu mipana, kisizame."

Chepchumba akaisogeza simu mdomoni, akamwambia.